Hadithi Ninayoikatia Ziwani

Kwenye steji yetu ya boda pale Kamwokya, Kampala, mvua ikinyesha na abiria wakijificha, wenzangu huniambia, "Wewe, leta ile ya ziwa." Nami naileta. Nawasimulia jinsi simu yangu ilivyonipeleka na abiria mpaka ndani ya Ziwa Viktoria, maji yakafika kwenye taa ya pikipiki, sangara mmoja mkubwa kama ng'ombe akatoa kichwa akaniuliza, "Ssebo, bwana mkubwa, unaenda Mwanza?" Watu hucheka mpaka muuza chapati anasahau chapati zake zinaungua. Naikatia hapo hapo ziwani. Kila mara hapo, kwa sababu baada ya ziwa hakuna kicheko.

Leo wacha niimalize.

Kwanza, maji hayakufika kwenye taa. Yalilowesha tairi la mbele tu. Na samaki hakusema neno. Aliyesema ni abiria wangu, mama mmoja mtu mzima, mjane wa mwanajeshi kutoka kaskazini, Kiswahili chake kile cha kambini.

Mimi shule niliichungulia dirishani, nikaona watu wanachapwa, nikaendelea na safari. Lakini njia za Kampala nilizijua kuliko panya anavyojua ghala. Ungenifunga macho, unizungushe mara mia, unitupe Katwe au Ntinda, ningenusa upepo nikakwambia: hapa ni nyuma ya kinu cha mahindi, mbele kuna mama anauza senene, ukikutana na mbwa mweusi kata kona. Halafu ikaja simu yenye ramani na mshale. Kusoma nababaisha, lakini mshale hausomwi, mshale unafuatwa. Na ndani yake kuna yule bibi mwenye sauti, kata kushoto, kata kulia, hakasiriki hata ukimkosea mara kumi. Mke wangu alimwonea wivu kabisa. "Huyo unamsikiliza kuliko mimi," alisema, na alisema kweli.

Miaka minne nilimfuata bibi wa simu kama ndama anavyofuata mkia wa mama yake. Sikujua kwamba kila mshale ukinionyesha njia moja, kichwani mwangu zinafutika mbili.

Siku hiyo saa sita ilikuwa imepita kidogo. Yule mama akaja stejini, ameshika bakuli la plastiki limefungwa kwa kitambaa cha maua.

"Kijana yangu, nataka Luzira. Kule jela kubwa."

"Panda, mama."

"Ngoja nikwambie kwanza. Saa nane wanafunga kuona watu. Na kesho asubuhi mtoto yangu wanamhamisha, anaenda shamba ya wafungwa huko mbali sana. Huko miguu yangu haiwezi kufika. Nikimkosa leo, basi."

"Mama," nikamwambia, "saa saba utakuwa unamshika mkono. Saa saba na nusu utakuwa umechoka kumtazama."

Kuna kitu sikumwambia. Mimi nilizaliwa pale pale. Baba yangu alikuwa askari jela, tuliishi kwenye kota nyuma ya ukuta. Kiswahili hiki ninachojivunia nilikipata huko, kwenye kota za askari, kabla sijaota meno. Watoto wa kota tulikuwa tunakaa karibu na geti kuangalia wageni. Mgeni akileta chakula, lazima aonje mwenyewe kwanza mbele ya askari. Tulikuwa tunacheza mchezo wa kubahatisha nani ataonja tonge kubwa. Wamama walikuwa wanaonja kidogo sana, kwa ncha ya kidole, ili wasimpunguzie mtoto. Mama huyu alipokaa nyuma yangu na bakuli lake, nilikumbuka yote hayo. Nikawasha pikipiki. Utamwambiaje mama wa mfungwa kwamba baba yako ndiye aliyekuwa anafunga mlango?

Sasa niulize, kwa nini niliwasha simu kwenda kwetu? Sijui. Mkono ulienda wenyewe. Siku zile hata kwenda chooni ningeuliza mshale kwanza.

Tulienda vizuri mpaka Nakawa, tukashika Barabara ya Port Bell, tukapita Bugolobi. Karibu na Kitintale mshale ukaanza kurukaruka kama panzi kwenye sufuria. Mara tuko barabarani, mara tuko juu ya paa la mtu. Baadaye wenzangu stejini walisema na simu zao siku hiyo zilikuwa hivyo hivyo, steji nzima walikuwa kama vifaranga ambao mama yao amenyakuliwa na mwewe. Lakini wao waliuliza watu njia. Mimi nilimsubiri bibi wa simu apone.

Tukafika mahali wanapouza mkaa. Mama akanigusa bega.

"Kijana, tukate hapa. Hapa penye mkaa, halafu kanisa ya mabati, halafu unapanda. Nimepita mara mbili na miguu."

Na mimi mkaa ule niliujua. Mama yangu alikuwa ananituma pale pale nikiwa mdogo, narudi na uso mweusi kama chungu. Kitu kiliniambia tumboni, kata. Lakini simu ilisema nenda mbele.

"Mama," nikamjibu, kwa ile sauti yangu ya stejini, "wewe umepita kwa miguu. Hii inatazama kutoka juu, kwenye setilaiti. Setilaiti inaona mpaka nywele zako chini ya kitambaa."

Akarudisha mkono kwenye bakuli. "Haya," akasema. "Mimi sijasoma."

Na mimi ambaye sijasoma kumzidi nikaendesha kama profesa.

Simu ikatupandisha Mutungo. Huko ikasema geuka. Tukageuka, tukaingia uchochoro ulioishia kwenye uzio wa mtu, mbwa akatufukuza, nasema kweli, siongezi mbwa. Tukashuka tena. Mama akatoa kisimu chake kidogo cha vitufe, akatazama saa. "Saa saba na dakika arobaini," akasema, kama mtu anayejisemea.

"Tumefika, mama, ni hapa tu."

Pale watu walijaa barabarani. Kila mmoja wao angeninyooshea kidole, jela ile pale. Sikuuliza. Boda anayeuliza njia ni kama padri anayeuliza sala. Tena niliogopa atokee mtu wa zamani akanifahamu, aone mtoto wa kota amepotea kwao. Nikateremsha kioo cha kofia nikaongeza mwendo.

Ndipo tukafika ziwani. Bibi wa simu akasema kwa sauti tamu tumefika. Mbele yangu maji, nyuma yangu wamama wa samaki wanacheka mpaka wanashikana.

"Banange, jamani! Siku hizi boda zinaenda mpaka Kenya?"

"Ssebo, subiri feri!"

Mama akashuka polepole. Akatazama maji. Akanitazama.

"Kijana," akasema, "mtoto yangu si samaki."

Stejini hapa ndipo wanaanguka kwa kicheko. Hapa ndipo nanyamaza, nadai chai.

Nikazima simu. Na wallahi, ilipozimika tu njia zote zikanirudia, kama watoto waliokuwa wamejificha chini ya kitanda. Reli ile, kona ile, mteremko niliojifunzia baiskeli na kuacha ngozi ya goti. Dakika chache tu tukawa getini. Dakika chache! Lakini ilikuwa saa nane na robo, na dirisha la wageni limefungwa.

Askari wa getini alikuwa mzee mwenye mvi, mpole.

"Pole, mama. Wafungwa wamerudi ndani, wameshahesabiwa. Hata mimi siwezi."

"Afande, kesho anahamishwa."

"Najua, mama. Ndiyo maana nasema pole."

Nikavua kofia ili nimwombe. Hapo ndipo akanikazia macho.

"We! Si mtoto wa yule afande aliyekuwa anapiga ngoma? Wewe ndiye uliyetumbukia kwenye tanki la maji!"

"Ndiyo, afande."

"Basi leo ilikuwaje? Umezaliwa nyumba ya tatu hapo nyuma, halafu unamleta mama wa watu saa hizi? Ulipitia Jinja?"

Alicheka, hakuwa na ubaya. Alikuwa ananitania kama mtoto wake. Mama hakucheka. Aligeuka akanitazama muda mrefu, macho yake yakishuka kutoka usoni kwangu mpaka kwenye simu mkononi.

"Umezaliwa hapa?"

"Ndiyo, mama."

Heri angenitukana. Heri angenipiga kwa kiatu chake. Alitikisa kichwa tu, akamgeukia askari.

"Mwambie nilifika. Mwambie nilichelewa kwa sababu ya miguu."

"Nitamwambia, mama."

Tukakaa kando ya barabara, juu ya kalvati. Nilidhani amechoka. Akafungua kitambaa, akafunua bakuli. Ilikuwa mboga chachu ya karanga, ile ya kwao, na viazi vitamu pembeni. Akachovya ncha ya kidole, akaonja kidogo sana. Kisha akanisogezea.

"Kula."

"Mama, mimi siwezi kula hiki."

"Kula. Watoto wake wako kwa dada yangu, Kamwokya. Wanangoja. Nikirudi na bakuli imejaa, watajua sikumwona. Nikirudi nayo tupu, watajua baba yao alikula."

Nikala. Mimi mtu wa mdomo, mtu anayemaliza samaki mzima huku anaongea, nilikula kimya. Yeye alikuwa ananitazama mikono.

"Chumvi iko sawa?"

"Iko sawa, mama."

"Yeye anapenda kidogo tu."

Nilipomaliza akalifuta bakuli kwa majani, akalifunga tena kwa kitambaa, fundo lile lile. Njia nzima ya kurudi simu ilikuwa mfukoni imekufa. Yeye alikuwa ananiambia kata hapa, nenda mbele, hata kwenye barabara ambayo kipofu angeijua, nami nilikuwa nafanya anavyosema.

Watoto walikuwa watatu. Walitukimbilia kabla pikipiki haijasimama. Mkubwa akanyakua bakuli, akafungua fundo, akaligeuza juu chini.

"Bibi, baba amemaliza yote?"

"Yote," mama akasema. Kisha akanionyesha mimi kwa kidevu. "Muulizeni huyu. Alikuwepo."

Wakanigeukia wote watatu. Na mimi, ambaye kudanganya ndiyo chumvi yangu, nilivua kofia polepole kama mtu anayetafuta njia ya kutoroka. Lakini macho yao yalikuwa yananingoja.

"Amemaliza?" nikasema. "Amelamba bakuli, akalamba na mfuniko. Askari watatu wamemshika asile na kitambaa."

Watoto wakacheka. Yule mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Mama aliingia ndani bila kugeuka, na mimi nikabaki pale nje nimeshika kofia, mdomoni bado nina ladha ya karanga.