Kitambaa Nilichokataa Kuvua Siku ya Kupimwa Masikio

Mimi ni mkulima wa Masisi, mama wa watoto wanne. Kabla ya vita masikio yangu yalikuwa makali, hata maneno ya majirani yasiyonihusu niliyasikia, na mume wangu alinitania sana kwa hilo. Vita vilipotufikia tulikimbilia kambi ya Kitshanga. Mume wangu akaenda Walikale kutafuta kazi ya machimbo, nami nikabaki na watoto pamoja na baba yake, papa mkwe wangu. Kutoka kambini tulirudi mlimani kwa makundi kulima maharagwe. Mmoja wetu alisimama juu kulinda. Akiona watu wa bunduki anapiga filimbi, sote tunakimbia.

Siku moja bomu lilianguka karibu na njia. Mwili haukuumia, lakini masikio yote mawili yalitoa damu. Baadaye ukaja usaha wenye harufu mbaya, nikaona haya kukaa na watu kanisani. Nilitiwa maji ya majani, nikaziba kwa pamba. Sauti za watu zikawa mbali, mpaka mtu apige kelele mbele ya uso wangu ndipo nimsikie.

Nilificha hali hiyo, nikaendelea kulima. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama napalilia, nikainua kichwa kumwomba mwenzangu maji. Hakuwepo. Mlima mzima haukuwa na mtu. Filimbi ilikuwa imelia, wote wamekwenda, nami napalilia tu kama mjinga. Niliteremka kwa magoti kati ya migomba. Mungu alinificha.

Papa mkwe alipojua, aliniambia polepole ili nisome midomo yake.

"Mama Riziki, kama masikio imekufa, haurudi tena mu shamba. Muntu mwengine atalima. Sitaki kukuzika."

Sikumlaumu. Lakini shamba lile ndilo lililolisha wanangu, na nililia kwa hasira.

Wapima masikio walipofika kwenye kituo cha afya, papa mkwe alinipeleka mwenyewe, akaketi chumbani ili anisaidie kusikia. Mpimaji alinionyesha kaske, vile visikilizio viwili vya kuvaa kichwani, kisha kwa mkono akaniashiria nivue kitambaa cha kichwa. Nikatikisa kichwa. Nililelewa kwamba mke hafunui kichwa mbele ya baba mkwe wake. Aliniomba tena, nikakataa tena. Watu walikuwa wengi nje, basi akaniwekea kaske juu ya kitambaa hicho cha kitenge kilichokunjwa mara tatu. Nilitakiwa kubonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Sikubonyeza ila mara mbili. Papa mkwe akaelezwa kwamba kwa kipimo kile karibu sikusikia kitu, turudi siku nyingine kipimo kifanywe upya. Yeye moyoni aliona nimekwisha. Nami vilevile.

Tuliporudi tulimkuta mpimaji mwingine, dada Kahindo. Alisoma karatasi ya mwenzake, akaniangalia, akamwangalia papa mkwe. Maneno yao nilisimuliwa baadaye.

"Papa, kitambala njo inazuia mulio. Anakuheshimia. Tunaomba utoke kidogo."

"Mimi? Niliikala hapa juu ya kumusaidia!"

"Najua, Papa."

Mzee alitoka haraka hata fimbo akaiacha.

Dada Kahindo alifunga mlango. Akavua kitambaa changu, akatoa hereni, akasukuma misuko nyuma, akachomoa pamba na kupangusa usaha. Alinivalisha kaske taratibu, upande mwekundu kulia, wa buluu kushoto, akiangalia kila kisikilizio kielekee tundu la sikio. Nikasikia kidogo. Kisha akatoa kidude cha kutetemesha mfupa ili mlio upite humo hadi ndani ya sikio, akakiweka nyuma ya sikio, akahakikisha hakuna nywele chini yake. Mlio ukaja wazi kabisa! Nilibonyeza, nikabonyeza, machozi yananitoka. Aliinama akapaza sauti:

"Mama, ndani kabisa iko muzima! Ngozi ya ngoma ya sikio njo ilipasuka. Tutakutunza."

Miezi ilipita ya dawa ya matone na kukausha masikio, bila kuingiza maji hata tone. Sikio la kulia lilipona. La kushoto bado ni zito kidogo, lakini nasikia, na nimerudi kulima shamba langu.

Namshukuru Mungu, na dada Kahindo, na papa mkwe aliyenipeleka mara mbili kwa miguu. Mama, usaha ukikutoka sikioni, usifiche, wala usitie majani. Siku ya kupimwa, vua kitambaa na hereni.

Nanyi mapapa wakwe, mkimsindikiza mke wa mwanenu, ulizeni wenyewe kama mtoke. Yeye hatawaambia. Mimi nilikuwa tayari kuitwa kiziwi maisha yangu yote kuliko kumwambia papa mkwe wangu atoke nje.