Kitambaa Cheupe cha Shangazi

Nikisikia harufu ya nta ya moto, mikono hunifa ganzi.

Shangazi alikuwa mchoraji wa batiki pale kwetu Temeke, na maradhi yalikuwa yamemlaza. Nikataka kumfurahisha. Nikatoa sandukuni kitambaa cheupe alichorudi nacho kutoka Makka, nikakichora maua kwa nta, nikakitumbukiza kwenye rangi nyekundu.

Mama alipokiona akapiga yowe. “Mtoto wewe! Hiyo ni sanda ya shangazi yako!”

Shangazi akaomba aletewe. Akakitazama kikichuruzika mkekani.

“Maua umeyachora vizuri,” akaniambia. “Lakini mtu hazikwi na maua. Basi itabidi nipone, nikachukue nyingine hukohuko Makka.”

Hiyo nyingine ilinunuliwa Kariakoo, wiki ileile.