Kibanio Juu ya Mashine ya Kwanza

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne iliyopita, binti wa duka la dawa aliniuliza swali nikashindwa kulijibu sawasawa. Nilikuwa nimemaliza kumfungia kazi ndogo: kompyuta mbili, moja ya dawa na moja ya hesabu, zitumie skrini moja na kibodi moja, kwa sababu meza yake ni nyembamba na skrini ya pili hana. Katikati niliweka kisanduku chenye kitufe. Ukibonyeza, unaona kompyuta ya kwanza. Ukibonyeza tena, ya pili. Binti alijaribu mara mbili, akacheka, kisha akasema:

"Mama, sasa nitajua aje niko mu gani?"

Nilimwonyesha taa mbili za kijani, nikachukua malipo yangu, nikaondoka. Wewe nitakueleza zaidi ya taa, maana jibu la swali hilo nimelibeba tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitatu.

Wakati ule nilikaa kwa tonton wangu, ndugu wa mama, katika komini ya Tshopo, mjini Kisangani. Tonton alikuja Kisangani kutoka Butembo na vitenge, akaingia kwenye sabuni, na mwisho akaingia kwenye kompyuta. Chumba cha mbele alikifanya sekretaria, mahali ambapo watu walikuja kuchapisha barua, maombi ya kazi, na wanafunzi wa chuo kikuu memwari zao za kumaliza masomo. Nyuma ya ukuta huo huo kulikuwa na jiko la bibi yangu. Ndiyo maana mpaka leo harufu ya kompyuta iliyopata moto, kwangu mimi, ina mafuta ya mawese ndani yake. Printa ilikwaruza karatasi upande huu, bibi akitwanga ndizi za lituma upande ule, na barabarani baiskeli za toleka, zile zinazobeba abiria, zilipita zikipiga kengele. Umeme wa maporomoko ulikuja na kwenda ulivyotaka. Ulipokuja, nyumba nzima ilichangamka kama mgeni amefika.

Tonton alinunua kompyuta tatu zilizotumika Ulaya. Masanduku yalifika mazima, lakini skrini mbili kati ya tatu zilivunjika njiani. Basi alitafuta komitateri, sanduku la chuma lenye kishikizo cha kuzungusha, likaunganisha mashine zote tatu na skrini moja na kibodi moja. Kishikizo kilipogeuka kilitoa mlio mzito, ko!, ambao hata bibi aliusikia jikoni. Mashine zilikuwa za kijivu, zimefanana kabisa. Mama Daktilo, mwanamke aliyetuandikia, alizipaka namba kwa rangi yake nyekundu ya kucha: moja, mbili, tatu.

Mama Daktilo alikuwa mjane, mtu wa mtoni, kwao Yanonge. Alijifunza kuandika kwenye mashine za zamani za chuma, kwa vidole kumi, bila kutazama. Binti yake alisoma darasa moja nami, tulikaa dawati moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeokota kitabu cha maelekezo kwa Kifaransa, kilichokuja ndani ya boksi, nikakisoma ukurasa kwa ukurasa na kamusi pembeni. Tonton alijivuna kwa wateja: "Muone huyu mutoto mwanamuke. Hakuna mutu alimufundisha."

Kwa kuwa skrini ilikuwa moja, kosa lilikuwa rahisi: unadhani uko kwenye mashine ya pili, kumbe vidole vyako vinaandika ndani ya ya tatu. Mama Daktilo alitunga desturi. Alileta kibanio cha nguo, cha mti. Mashine unayoitumia ndiyo inayovaa kibanio. Alinifundisha utaratibu wake kwa kunigonga vidole polepole: "Kishikizo kwanza, kibanio nyuma. Si kibanio kwanza, weye. Kibanio haina akili, inaenda kwenye unaiweka."

Ilikuwa Alhamisi, adhuhuri. Tonton alikuwa amemuuzia mtu mashine ya tatu, akaniambia niifute yote kabla ya yeye kurudi kutoka sokoni. Mama Daktilo alikuwa ameifunga kazi yake kwenye mashine ya kwanza, akaenda nyumbani kula. Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na memwari ya mwanafunzi mmoja aliyehesabu panya wa msitu wa Masako. Tulimwita Patron wa Panya, yaani bosi wao, na yeye alilipenda jina hilo. Tulikuwa na disketi, lakini disketi ilikuwa ghali. Sura ya kwanza tu ndiyo ilikuwa na nakala.

Nilikaa. Nilihamisha kibanio, nikakiweka juu ya mashine ya tatu. Kabla mkono wangu haujafika kwenye kishikizo, bibi aliniita kutoka jikoni, kwa jina alilozoea kuniita.

"Mama! Kuya kushika kinu, inaruka!"

Nilikwenda. Nilikishika kinu mpaka ndizi zikawa laini, nikala tonge moja la moto pale pale, nikanawa mikono. Niliporudi, niliona kibanio juu ya tatu. Skrini ilikuwa nyeusi na mstari mmoja mweupe unaomwekamweka, na kwenye mashine zote tatu ilikuwa hivyo hivyo kazi ikifungwa. Niliandika amri ya kufuta. Mashine iliniuliza kama nina hakika, ndiyo au hapana. Nilikuwa na hakika.

Asilimia zilianza kupanda. Kwenye thelathini na nane niliinua macho, nikaona taa nyekundu ndogo ikicheza kwenye mashine ya kwanza. Ya tatu ilikuwa kimya.

Hapa nataka niwe sahihi. Sikupiga kelele. Sikuzima umeme. Nilikaa nikatazama namba mpaka zikafika mia. Kisha nilitoa kibanio juu ya tatu nikakirudisha juu ya moja, mahali Mama Daktilo alipokiacha. Kisha niligeuza kishikizo, ko!, nikaifuta mashine ya tatu kama nilivyoagizwa, vizuri, hatua kwa hatua, na mwisho nikakirudisha kishikizo kwenye moja. Kosa la kwanza lilikuwa la mtoto. Hayo yaliyofuata niliyafanya nikijua ninafanya nini.

Mama Daktilo alirudi kwa toleka, akiwa amebeba mikate miwili ndani ya gazeti, mmoja wake, mmoja wangu. Aliniwekea wangu juu ya meza. Alikaa, akaita kazi yake. Akaita tena. Nilisikia vidole vyake vikisimama, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Tonton alipoingia, alimkuta amesimama mbele ya skrini tupu, mikono juu ya kichwa.

"Bon. Nani aligusa ya kwanza?"

"Njo mimi, patron," Mama Daktilo alikiri. "Njo mimi wa mwisho."

"Na weye?" aliniuliza mimi.

"Mimi nilikuwa kwa tatu, tonton. Imeisha, iko tayari."

Hakuna neno la uongo ndani ya jibu hilo, na mimi sijapata kusema uongo mkubwa zaidi. Mama Daktilo alitazama kibanio. Kilikuwa juu ya moja.

"Asubuhi nilifuta barua za zamani," alisema polepole. "Labda kidole ilipita. Patron, angalia kibanio. Kibanio iko kwa moja. Alors, ni mimi."

Alikuwa mtu wa haki. Alihukumu kwa desturi aliyoitunga mwenyewe.

Kesho yake Patron wa Panya alikuja kuchukua kurasa zake. Alipoambiwa, mwanzo alidhani ni mchezo. "Mama Daktilo, ni panya zangu zilitoka zikakula machine, ou bien?" Hakuna aliyecheka. Alikaa kwenye benchi, akahesabu siku zilizobaki kabla ya kusimama mbele ya maprofesa wake: hazikufika ishirini. Kwa bahati, madaftari yake ya mkono bado alikuwa nayo. Tonton aliamua papo hapo: kazi itaandikwa upya, mwanafunzi hatatoa hata senti, na kurasa zote zitakatwa kwenye malipo ya Mama Daktilo.

"Patron, ni minerval ya mutoto," alisema. Minerval, ada ya shule. Binti yake alikuwa amebakiza siku chache tu kabla ya kufukuzwa.

"Na mimi nilipe na nini, mama? Na panya?"

Nilikuwa nimesimama pale, kati ya benchi na mlango. Ilikuwa sentensi moja tu. Niliiandaa kichwani, nikaipanga maneno, kisha bibi akaniita nikachote maji, nikaenda nikiwa na furaha kwamba nimeitwa.

Aliandika upya kuanzia asubuhi mpaka jua linapopungua, na Jumapili baada ya misa. Hakunifukuza pembeni yake; aliendelea kunifundisha vidole kumi. Lakini hakuandika tena bila kutazama. Kabla ya kila kazi aligusa kishikizo, akagusa kibanio, akasoma namba kwa sauti, akagusa kishikizo tena. "Mikono yangu inazeeka," aliniambia, akiigeuza mbele ya uso wake. Hakuwa na miaka arobaini.

Patron wa Panya alifaulu, akatuletea soda. Wiki ile ile dawati langu lilibaki na mtu mmoja. Binti wa Mama Daktilo alipelekwa Yanonge kwa wajomba, na mwisho wa mwaka mama yake alimfuata kwa pirogi, mtumbwi wetu wa mtoni, na mashine zikapata mwandishi mwingine.

Miaka mitatu baadaye, katika kitabu kingine nilichojitafutia, nilisoma kwamba diski iliyofutwa kwa namna ile ingeweza kurudishwa karibu yote, kwa amri moja, mradi tu mtu aseme mapema, kabla ya kuandikwa kitu kingine juu yake. Jioni ile ya Alhamisi tonton aliirudishia mashine ya kwanza programu zake. Mimi nilikuwa namshikia disketi.

Baada ya duka la dawa sikulala vizuri siku nne. Jumamosi nilishuka bandarini, mahali wanapouza samaki wa kukausha, kwa sababu nilijua kwa miaka mingi kwamba binti wa Mama Daktilo yuko pale na kwa miaka mingi nilinunua samaki kwingine. Alinitambua kabla sijasema jina. "Eh, wa dawati!" alisema, akanipa kiti. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, bila kuruka, mpaka kibanio. Aliendelea kufunga samaki kwa kamba, fungu kwa fungu.

"Mama alikufa ni miaka sita," alisema. "Ukimupa telefone ashike, anakataa. Anasema, shikeni nyie, mikono yangu inapoteza vitu ya batu. Tulikuwa tunamucheka."

"Nilitaka ujue," nilisema.

"Mimi? Mimi sasa nafanya na hiyo nini? Njo yeye alipashwa kujua."

Hakukasirika. Alinifungia samaki wawili, akakataa malipo.

Nyumba ya tonton sasa ni duka la simu. Ukuta wa jiko ulivunjwa, bibi amelala makaburini, na mlio wa kile kishikizo hakuna anayeukumbuka isipokuwa mimi. Wanafunzi wanaandika memwari zao wenyewe, kwenye mashine zao wenyewe. Niliporudi nyumbani na samaki wale nilichukua kalamu, kwa sababu ndivyo nilivyo, siwezi kuacha jambo bila kulipima. Kurasa zilizopotea za memwari ya panya wa Masako zilikuwa mia moja na arobaini. Tonton alikata senti ishirini za dola kwa ukurasa. Mwanamke aliyeandika bila kutazama alikufa akiogopa mikono yake, na binti yake aliacha shule, kwa dola ishirini na nane.