Sahani Niliyoianika Juani

Harufu ya mawese yakichemka hunirudisha Rumonge, mji wa mwambao wa ziwa nilikokulia, nitake nisitake. Juzi wanamuziki vijana wa Bujumbura walinialika kwenye kikao chao, kila mmoja ataje wasanii na albamu zilizomfanya awe alivyo. Walitaja kumi kumi, za Kinshasa, za Dar es Salaam, za Ulaya. Zamu yangu ilipofika nilitaja majina mawili matatu makubwa ambayo kila mtu huyataja, wakapiga makofi, nikaketi. Nimekuwa nikisema uongo huo miaka mingi na nimeuchoka. Ukweli ni kwamba nililelewa na sahani moja tu ya santuri, na niliiharibu mwenyewe.

Ilikuwa ya baba mdogo, fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki. Aliinunua Kongo, ng'ambo ya ziwa, wiki ya Uhuru wetu, pamoja na santuri ya kuzungusha kwa mkono ambayo yeye aliiita fono. Ulikuwa wimbo wa gitaa moja na mwanamume mwenye sauti tulivu. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: huigusi sahani kabla ya kunawa kwa majivu na sabuni, maana sote tulikamua mawese na vidole vyetu vilikuwa vyekundu mwaka mzima. Saidi, mwanawe wa pekee, alinawa mpaka ngozi ikachubuka. Alikuwa na gitaa la kuchonga lenye nyaya za breki za baiskeli, na kila alasiri aliutafuta wimbo ule kipande kwa kipande, mimi nikiimba. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi. Nilimpenda kuliko mtu yeyote.

Mwaka wa sabini na mbili, siku moja mvua zilipopumzika, nilibaki nyumbani peke yangu. Nikaitoa sahani bila kunawa, na alama za vidole vyangu zikabaki juu yake. Nikafanya jambo ambalo mtoto yeyote wa mwambao angefanya kwa chombo chenye mafuta: nikaiosha kwa sabuni, nikaianika kwenye mkeka wa kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikaenda kucheza. Niliporudi ilikuwa imejikunja kama chapati iliyoungua, na baba mdogo amesimama mbele yake.

“Nani ameanika disiki ku jua?” aliuliza, macho yake kwa Saidi aliyekuwa akiingia uani. “Ni wewe. Ni wewe tu unaishikaka kila siku.”

Saidi aliitazama mikono yangu, kisha akatazama chini. “Pole, baba.”

“Pole ya nini? Hutagusa tena hii fono. Hata kidogo!”

Nikajiambia nitasema kesho.

Baba mdogo hakuitupa sahani. Aliendelea kuipiga, nayo sauti ya yule mwimbaji ikawa inapanda na kushuka, inayumba. Saidi alikaa nje chini ya dirisha, akajifunza wimbo upya hivyo hivyo ulivyoharibika, na akanifundisha.

“Yaya, mbona unaimba hivi?” nilimuuliza; kwetu yaya ni kaka mkubwa.

“Ndo vile iko sasa. Imba tu, mudogo wangu.”

Hakunidai neno. Nami kila siku nilikuwa na kesho nyingine. Kisha kikaja kile ambacho watu wa mwambao mpaka leo hukiita mwaka wa sabini na mbili, bila kuongeza kitu. Askari waliokuwa wakiua watu nchini kote walimchukua Saidi barabarani pamoja na vijana wengine. Hakurudi. Tulivuka ziwa kwa mtumbwi wa wavuvi. Baba mdogo aliacha cherehani na fono, akabeba sahani ndani ya kitambaa. Katikati ya maji akasema, “Ningemuachia apige. Ilikuwa disiki tu.” Nilimshika mkono. Alifariki ng'ambo bila kujua.

Baada ya kile kikao niliwaimbia wimbo ule kama ninavyouimba siku zote, na kijana mmoja akautafuta kwenye simu yake, akaupata. Ulikuwa umenyooka mwanzo hadi mwisho, safi, na mimi sikuupenda. Siku hizi nyimbo zote za dunia zimo ndani ya simu na hakuna anayenawa kabla ya kuzigusa; kijana alikuwa anakula ndagala za kukaanga, akapangusa kioo kwa suruali, yakaisha. Saidi, mtoto wa watu, alikatazwa wimbo mmoja tu, akausikiliza dirishani pa nyumba yao mpaka walipomchukua.

“Mama, ile sauti yako ya kuyumba haimo humu,” kijana alisema. “Wewe uliitoa wapi? Ni kipaji, eh?”

Nikaitikia kwa kichwa. Mzee mzima, baada ya miaka yote hiyo, nikajiambia tena nitasema kesho.