Pua ya Shangazi

Jina la Pua alipewa na baba yake akiwa na miaka saba, siku alipokataa kunywa maziwa akidai yanakaribia kuchacha. Watu wazima waliyaonja, wakamcheka, wakayanywa. Kesho yake nyumba nzima ilishinda ikipokezana choo. Tangu hapo jina likamganda. Hata alipokuwa fundi cherehani mwenye wateja wake, watoto wa kaka yake walimwita Shangazi Pua, naye aliitika bila kinyongo.

Alikuwa mjane asiye na mtoto, lakini nyumba yake haikuwahi kuwa kimya. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi aliwaalika kaka yake, wifi yake, watoto wao na jirani wa mlango wa pili. Sebule ambayo siku nyingine ilikuwa ya kushonea ilibadilika: cherehani ilisukumwa ukutani, meza ya kukatia nguo ikatandikwa kitambaa cheupe, na juu yake yakapangwa mabakuli ya kila mtu kujipakulia. Hapakuwa na itifaki. Waliokosa viti walikalia marobota ya vitambaa, sahani mapajani. Kitu kitamu kilikuja mwisho, na hicho Pua hakumwachia mtu: keki ya ndizi, pudini ya mkate, au kastadi yenye sukari iliyoungua juu.

Kisha yakaja mafua. Yalimlaza siku tisa, na yalipoondoka hayakuondoka mikono mitupu. Asubuhi ya kumi alikaanga kitunguu akaona kinageuka rangi, akasikia mafuta yakichemka, lakini harufu hakuipata. Alikisogeza puani hadi mvuke ukamchoma mdomo. Hakuna kitu. Akajiambia itarudi.

Haikurudi wiki ile wala iliyofuata. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Fundi anayepoteza kidole watu humpa pole, lakini mpishi asiyesikia harufu watu humwacha na sufuria zake. Akaanza kupika kwa saa ya ukutani na kwa macho, chumvi akiipima kwa kijiko. Mara moja mteja aliingia akauliza ni nini kinachoungua, na Pua alipogeuka akaona pasi imelala juu ya sketi ya watu, moshi unapanda. Alicheka, akasema uzee huo. Mteja hakucheka.

Jumapili iliyofuata alipika pudini ya mkate. Watoto walichota kijiko kimoja kimoja, wakatazamana, kisha wakakumbuka kwamba wameshiba. Kaka yake alimaliza sahani yake huku akitokwa jasho. Wifi yake, mwanamke wa maneno machache ambaye kwa miaka ishirini yeye na Pua hawakuwahi kupatana hata juu ya kiasi cha chumvi, alionja, akaweka kijiko chini taratibu, akamtazama Pua kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Pua alidhani anamdharau. Usiku huo alimwaga pudini yote, asijue siagi ndiyo iliyokuwa imeoza.

Mwezi uliofuata Jumapili iliamka na mvua. Pua alifunga madirisha yote ili maji yasiingie kwenye vitambaa. Kufikia saa sita kuku alikuwa ameshatoka kwenye oveni, viazi vimefunikwa, saladi imekatwa. Kastadi ilikuwa imeganda vizuri, inatikisika katikati kama inavyotakiwa. Kilichobaki ni kuchoma sukari ya juu, nayo huchomwa wageni wakikaribia.

Maziwa kidogo yalikuwa yamemwagika nyuma ya jiko. Alizima moto, akavuta mtungi wa gesi apate kupiga deki, kisha akaurudisha. Mpira wa gesi ulijikunja na kuchomoka kidogo pale unapoingia kwenye jiko. Hakuuona. Alikwenda sebuleni kupanga sahani, akachukua muda wake, akakunja vitambaa vya kufutia mikono kimoja baada ya kingine.

Aliporudi jikoni, paka wake, ambaye siku za kuku hakuwa akibanduka hapo, alikuwa amesimama kizingitini. Pua alimrushia kipande cha ngozi. Paka alikitazama, akarudi nyuma. Kichwa cha Pua kilikuwa kizito na miguu ilikuwa mbali naye, akasema ni kusimama tangu alfajiri. Akamwaga sukari kwenye kikaango. Akachukua kiberiti.

Mlango wa mbele ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa wifi yake, peke yake, saa nzima kabla ya wakati, kanga imelowa kichwani. Alisimama palepale mlangoni, mkabala na mlango wa jikoni. Pua aliona uso wake ukibadilika, njiti tayari iko kati ya vidole.

"Wifi," alisema yule mwanamke, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtoto amelala. "Usiwashe. Kiweke hicho chini, uje kwangu."

Pua alitaka kujibu kwamba jikoni kwake hapangiwi. Ila kulikuwa na kitu katika ile sauti. Akaweka kiberiti juu ya meza, akaenda. Wifi yake alijifunika pua kwa kanga, akapita, akafunga mtungi, akasukuma madirisha mpaka mwisho, akamshika mkono wakatoka nje, wakasimama chini ya upenu huku mvua ikiwarukia miguuni.

"Nyumba imejaa gesi. Hukusikia harufu?"

Pua akasema, "Sisikii chochote. Tangu yale mafua."

"Nilijua tangu ile pudini. Wewe usingempa mtu siagi ile hata kwa dawa. Nimekuwa nikitafuta namna ya kukuuliza. Leo nikasema nije kabla hawajafika."

Pua akaketi kwenye ngazi yenye maji. Aliwaza watoto wale juu ya marobota, viatu wamevua, madirisha yamefungwa. Wifi yake aliketi pia, nguo yake nzuri ikalowa, na hakusema mficha maradhi kilio humfichua, ingawa ilikuwa haki yake.

Wageni walipofika walikula kuku baridi na kastadi isiyochomwa, milango wazi, na Pua aliwaambia mwenyewe. Daktari baadaye alisema huenda harufu ikarudi, huenda isirudi. Haijarudi. Wifi huja mapema kila Jumapili ya mkusanyiko, hunusa maziwa, hunusa siagi, na chumvi bado wanaigombania.

Siku nyingine Pua yuko peke yake. Hufungua mtungi, hupaka maji ya sabuni kwenye mpira, hungoja kuona kama yatatoa mapovu penye kuvuja, kisha hurudi kutazama tena. Mteja akiingia na kitambaa chake, kabla ya salamu, Pua humwuliza kama kuna harufu yoyote humu ndani, na huacha kazi mpaka ajibiwe.