Studio Iliyokwama Mwezi wa Tatu

Nje ya studio ya Siwema, pale Chemchem, Tabora, watu walikuwa mwezi wa saba. Asubuhi walivaa majaketi, mchana walilalamikia vumbi. Ndani ya studio ilikuwa tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Jana yake pia ilikuwa kumi na mbili mwezi wa tatu, na kesho ingekuwa hivyo hivyo, mpaka Mungu apende au kompyuta ife.

Siwema hakuwa mwehu. Alikuwa mpiga picha, miaka thelathini na nne, na kitu kilichompa jina mjini ni kuvalisha watu suti. Mtu anakuja kupiga pasipoti saizi na jezi ya mpira, anatoka na koti la bluu na tai nyekundu. Koti lenyewe ni moja tu. Ni la mjomba wake, mzee Sabiri, na Siwema alilipiga picha likiwa kwenye hanga miaka kumi iliyopita, tangu hapo anambandikia kila mteja kwa kompyuta. Pita Tabora uangalie vitambulisho vya watu na picha za marehemu ukutani, utadhani wanaume wote wa mji huu walishonewa na fundi mmoja siku moja.

Balaa lilianza mwezi wa pili, kompyuta ya zamani ilipozima ikagoma kuwaka. Akanunua mpya kabisa, ina nailoni bado kwenye kioo. Ikaja nzuri, nyepesi, na haina kitu ndani. Programu ya kuediti picha hamna. Ile ya zamani aliwekewa na fundi Eustace enzi hizo, ya wizi, kutoka kwenye flashi, wala Siwema hakuuliza imetoka wapi. Nani anauliza? Sasa ile flashi ikatiwa kwenye kompyuta mpya, kompyuta ikaitema.

Utasema si atafute programu nyingine. Sawa, alitafuta.

Ile yenyewe ya halali wanataka kadi ya benki, wanataka dola, tena wanataka kila mwezi mpaka uzeeke. Hata hivyo alijaribu. Kadi ikakataliwa mara tatu. Zamani kila kitu cha kutoka pwani kilipita Tabora kwa miguu, shanga, vitambaa, bunduki, watu wakabeba kichwani miezi mitatu. Leo kitu hakina hata uzito wa unyoya, na bado hakifiki.

Akapakua ya bure. Ikamjazia kompyuta matangazo ya kamari na dawa za nguvu za kiume. Akajaribu ya kwenye simu. Hiyo ilikuwa na ugonjwa wa kung'arisha kila uso. Babu mmoja wa Kitete akarudi na picha yake mkononi.

"Binti, huyu nani?"

"Si ni wewe, babu!"

"Mimi nimekuwa Mwarabu lini?"

Mwisho akapata moja ya bure kweli kweli, safi, haina matangazo. Lakini vitufe vyote vimehamishwa, kama nyumba yako mtu kapanga vyombo upya usiku. Na mafaili yake ya miaka kumi yaliandikwa na ile programu ya zamani, hii mpya ikawa inayafungua kwa kubahatisha. Koti la mjomba Sabiri likafunguka limeganda na ukuta wa nyuma, halitoki. Siwema akaifunga. Akasema atajifunza akipata nafasi. Nafasi ya kujifunza huwa haipatikani, tunajuana.

Ndipo Eustace akaja na akili yake.

"Pakua ile ile ya halali, lakini ya majaribio. Wanakupa siku thelathini bure."

"Na siku ya thelathini na moja?"

"Anayehesabu siku ni nani? Kompyuta. Na kompyuta ya nani?"

"Yangu."

"Basi iambie leo ni jana."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi, kabla hajafagia, Siwema alirudisha tarehe ya kompyuta kwenye kumi na mbili mwezi wa tatu, halafu ndiyo anafungua programu. Programu ikawa inaamini. Ila kompyuta yenye tarehe ya uongo intaneti inaikataa, kwa hiyo picha za wateja zikawa zinaingia kwa waya. Na Eustace alishamwonya, siku programu ikiona tarehe ya kweli, hata mara moja, kwaheri. Siwema akabandika plasta kwenye kona ya kioo, pale saa inapokaa, wateja wasiulize. Baada ya wiki mbili mkono ukawa unarudisha tarehe kwa mazoea, kichwa hakiwazi tena kuna nini chini ya plasta.

Hicho ndicho kilichomponza. Tangu enzi za kompyuta ya zamani, kila karatasi aliyochapa ilitoka na maandishi madogo chini: Siwema Picha, Chemchem, na tarehe ya siku hiyo, kompyuta inaiweka yenyewe. Kwenye pasipoti yale maandishi yanaondoka na mkasi. Kwenye picha kubwa fremu inayafunika. Miezi minne hakuna aliyeona kitu.

Ijumaa moja mchana akapigiwa simu na Elieth, binti wa kijijini, barabara ya Urambo. Wiki mbili nyuma Elieth alileta picha ya kipaimara ambamo baba yake, mzee Xavery, alikaa nyuma kabisa, nusu ya uso iko kwenye kivuli. Mzee alikuwa amefariki mwezi wa sita. Walitaka picha kubwa ya arobaini. Siwema alimtoa kule nyuma, akamsafisha, akamvalisha koti la mjomba Sabiri, juu akaandika Marehemu Mzee Xavery, Pumzika kwa Amani. Kazi nzuri, hata mwenyewe aliipenda.

"Dada Siwema," Elieth alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza. "Kwenye picha ya baba, chini, fremu yetu haikufunika, umeandika mwezi wa tatu."

Siwema akageuka kuitazama ile plasta.

"Baba mdogo Dionis kaisoma na miwani yake mbele ya watu. Anasema picha ya marehemu imetengenezwa baba akiwa mzima. Anasema mama alijua. Nimewaambia niliileta mimi mwezi wa saba, wanasema namfichia mama. Kesho asubuhi ukoo unakaa. Wanataka atoke kwenye nyumba."

Siwema akaenda kwa Eustace, mbio, hata mlango hakufunga.

"Usiende," Eustace alisema. "Andika barua, piga muhuri, sema mashine ilikosea."

"Barua! Mtu anafukuzwa kwake."

"Ukienda utasema nini? Kwamba unatumia programu ya kudanganya? Tabora nzima itajua kabla hujarudi. Na wakikulazimisha uweke tarehe ya kweli, zile picha za shule?"

Hapo alimgusa. Siwema alikuwa na picha za vitambulisho vya wanafunzi mia na arobaini, za kupeleka Jumatatu. Alikuwa amemaliza sitini. Themanini zilikuwa bado, na bila ile programu asingezimaliza. Kwa hiyo alikuwa amebanwa huku na huku, kama panya kwenye bomba, na aliyemwingiza kwenye bomba alikuwa yeye mwenyewe, kila asubuhi, kabla ya kufagia.

Jumamosi akaifunga kompyuta kwenye kanga, akapanda bodaboda.

Alikuta watu kama ishirini wamekaa uani kwenye mabenchi. Dafrosa, mjane mwenyewe, alikuwa peke yake kwenye mkeka, amejifunga kitenge cheusi. Picha ya Xavery ilikuwa imeegemezwa kwenye kiti katikati, na lile koti la bluu lilimkaa vizuri kweli.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mwangaluka, mwanangu," Dafrosa alimwitikia, akaongeza na salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi. Wengine walitikisa vichwa tu.

Dionis, mdogo wa marehemu, mwalimu mstaafu, alisimama. "Wewe ndiye mwenye studio?"

"Ndiyo mimi, mwalimu."

"Tusomee hapo chini."

Siwema akasoma. Kumi na mbili, mwezi wa tatu.

"Kaka yangu kafa mwezi wa ngapi?"

"Wa sita."

"Kwa hiyo mwezi wa tatu, kaka yangu yuko shambani anavuna tumbaku, jioni anarudi anakula ugali wake, mtu kaja kwako kakwambia nitengenezee Marehemu Xavery. Mtaje."

"Hakuna aliyekuja mwezi wa tatu. Kompyuta yangu ndiyo mwongo."

"Kompyuta haidanganyi," alisema bibi mmoja kutoka benchi la nyuma.

"Inadanganya, bibi. Ukiifundisha."

Akafungua kanga, akawasha, akabandua plasta. Kumi na mbili, mwezi wa tatu. Akawaeleza yote, programu, dola, siku thelathini, Eustace, kila asubuhi kurudisha siku nyuma. Alivyokuwa anaeleza alijisikia anapungua, kama sabuni kwenye maji.

Mwalimu Dionis alimsikiliza mpaka mwisho. "Yaani unaiba."

Miezi minne Siwema alikuwa na majina mengi ya kile kitu. Ujanja. Njia. Kujitafutia. Hilo hakuwahi kulitumia.

"Naiba, mwalimu."

"Na hiyo tarehe nitajuaje kwamba hukuiweka njiani, umetumwa na hawa?" Akamnyooshea kidole Elieth, kisha mama yake. "Weka ya leo. Tuone hiyo programu yako itafanya nini."

Mtu mbishi, lakini hapo hakukosea. Siwema akashika kompyuta magotini. Akawaza wale wanafunzi themanini. Akawaza angeweza kusema betri imekwisha, nani angejua? Akainua macho, akaona mkono wa Dafrosa umeshika ukingo wa mkeka, umeung'ang'ania kama mtu anayehofia mkeka utavutwa na yeye akiwa juu yake.

Akaweka tarehe ya leo. Akafungua programu.

Haikufika popote. Kisanduku cheupe kikatokea katikati ya kioo, maneno ya Kizungu. Mwalimu Dionis akavaa miwani, akainama, akasoma kimyakimya, halafu akalazimika kuwatafsiria watu wake mwenyewe.

"Anasema... muda wako wa majaribio umekwisha. Ukitaka kuendelea, nunua."

"Rudisha mwezi wa tatu," alisema tena.

Siwema akarudisha. Kisanduku kile kile.

"Imeshajua," alisema Siwema.

Yule bibi wa benchi la nyuma akapiga makofi mara moja. "Loo! Mwalimu! Kumbe mchawi wetu ni kompyuta!"

Watu wakacheka, wengine kwa aibu. Neno hilo lilikuwa limezunguka ua ule siku tatu bila mtu kulitamka, na sasa limetoka, limetoka kama utani. Dafrosa hakucheka. Dionis naye hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Kuomba radhi hakuomba, usimsubiri.

"Haya. Suala la nyumba limeisha, shemeji anabaki kwake," alisema. "Na wewe, tuchapie nyingine yenye tarehe ya kweli."

"Siwezi, mwalimu. Si umeona imefunga."

Dafrosa ndiye aliyeinuka. Aliingia ndani akatoka na mkasi wake wa kushonea, akaitoa picha kwenye fremu, akakata chini, ukanda mwembamba wote, taratibu, asimguse mume wake. Alipoirudisha picha ikawa fupi. Chini ya kioo ikabaki nafasi ya kidole kimoja, unaona ubao mtupu.

Akampa Siwema ule ukanda.

"Chukua na tarehe yako, mwanangu. Humu ndani sitaki ilale."

Siwema alirudi Chemchem saa nane, ukanda uko mfukoni. Mlangoni alimkuta kijana anasubiri, jezi nyekundu imelowa jasho.

"Dada, pasipoti saizi. Nivalishe suti, kuna kazi naombea Igunga."

Siwema aliwasha kompyuta. Kwenye kona, bila plasta, akaweka tarehe ya leo. Akafungua ile programu ya bure, yenye vitufe vilivyohamishwa, akaanza kutafuta pa kukatia picha. Hapakuonekana. Wanafunzi themanini walikuwa ndani ya kadi ya kamera, wanamtazama.

"Suti zimekwisha," alisema. "Kaa hapo, unapigwa ulivyo."

"Na jezi hii?"

"Na jezi hiyo hiyo. Inua kidevu."