Lenzi Niliyoiacha Sindo

Mjini Migori wapo watu wasiojua jina langu la ubatizo wala la ukoo. Wananiita Lazaro, na wakiulizwa kwa nini, wanacheka kwanza ndipo wanasimulia, na kila mmoja anatia chumvi yake (wale wa sokoni wanasema nilikaa mle ndani mpaka jioni, jambo ambalo ni uongo mtupu). Kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe. Aibu ni yangu, nimeishi nayo muda mrefu, na hakuna anayezijua kona zake kunizidi.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Mimi sikupelekwa Ulaya na serikali, wala sina mjomba mwenye cheo. Nilifika Hamburg kwa jasho langu, nikaosha sufuria katika jiko la hoteli, nikapakua marobota bandarini, na kwa pesa hizo hizo nikajisomesha mpaka nikapata diploma ya upigaji picha yenye muhuri mwekundu. Niliporudi, miaka ile ya tisini, nikafungua studio Migori karibu na duka la vitambaa la Mzee Abdalla, nikaitundika diploma mahali ambapo mteja hawezi kukaa kitini bila kuiona. Wapiga picha wengine wa mji ule walijifunza kwa kushikashika tu. Mimi nilifundishwa habari za mwanga kwa Kijerumani.

Sasa kamera, maana mambo yote yalianzia hapo. Yangu ilikuwa ndogo, ya zile ambazo hutazami kupitia lenzi yenyewe bali kupitia kidirisha kilicho juu kando yake. Ndani ya kidirisha kuna mistari myeupe iliyochorwa kama fremu, na kilicho ndani ya mistari ndicho kitakachoingia kwenye picha, lakini kilicho nje yake unakiona vilevile, kimesimama kinangoja. Nilipenda sana kuwaeleza wateja jambo hilo. "Kamera hii," nilikuwa nikisema, "inaona hata wale ambao hawajaingia bado." (Waliitikia kwa heshima, kisha wakauliza picha itakuwa tayari lini.)

Kabla ya kurudi nilikuwa na lenzi ya kawaida, ya milimita hamsini, inayoona karibu kama jicho la mtu. Lakini mimi nilitaka nyuso. Lenzi ya tisini, ile ya kuvuta kidogo, inampa mtu pua yake halisi bila kuivimbisha, na inakuacha usimame mbali kiungwana badala ya kumpumulia mtu usoni. Nikaingia duka moja la vitu vilivyotumika, muuzaji akanitandikia mbili juu ya kitambaa. Moja ilikuwa ndefu kama chupa ya soda, nzito, na bei yake ilikuwa nafuu. Nyingine ilivuta sawasawa na ile, lakini ilikuwa fupi, imebanwa kwa ufundi, na ukiitia katika mfuko wa koti hakuna anayejua. Niliipenda papo hapo, kama mtu anavyopenda viatu visivyomtosha. Kuipata, ilibidi nimwachie ile ya hamsini juu ya pesa. Muuzaji akaniuliza, "Na kundi la watu utalipigaje?"

Nikamjibu, "Nitarudi nyuma."

Jibu hilo lishikeni.

Sikuwa nimemaliza hata mwaka nyumbani habari zikaja kwamba baba mkubwa Ochieng' amefariki Mombasa, alikofanya kazi maisha yake yote. Yeye ndiye kifungua mimba wa Dani (huku kwetu nyanya ndiye Dani), na baba yangu ndiye wa pili kati ya watoto watano. Sasa watano hawa tangu wakue hawakuwahi kusimama pamoja mahali pamoja. Huyu akija Krismasi, yule yuko kazini, na mwingine akija matanga, huyu amekwisha rudi. Picha pekee ya baba mkubwa aliyokuwa nayo Dani ilikuwa ya kitambulisho, ambamo anaonekana kama mtu aliyekamatwa.

Nilipofika bomani kwa baba mkubwa, nje kidogo ya Sindo, Dani alinishika mkono hata kabla sijaweka mkoba chini. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "sitaki nyingi. Nataka moja. Mimi na watoto wangu wote watano, kabla hawajamfunika."

"Dani, utapata picha ambayo hakuna mama katika wilaya hii aliye nayo."

"Sikuuliza ya kushinda watu. Nimeomba moja."

Ndugu walikuwa wamekwisha kumwita mpiga picha kutoka Sindo mjini. Nikakitazama kikamera chake cha plastiki, nikamwambia kwa upole mwingi (ule upole unaouma), "Ndugu yangu, leo pumzika. Kazi hii ina mwenyewe." Akamaliza chai yake, akashukuru, akaenda zake. Laiti angekuwa mbishi.

Jeneza liliwekwa mbele ya nyumba, limefunguliwa upande wa uso. Kaburi lilikuwa limechimbwa upande wa kulia wa nyumba, kama inavyompasa mwenye boma, na wachimbaji walikuwa wameutupa udongo wote ng'ambo, hivi kwamba huku upande wetu ardhi ilikuwa tambarare na nyasi zake. Ndugu walitaka kusimama wakitazama lango, kama watu wote wanavyofanya. Mimi nikakataa. Jua, nikawaeleza, liko upande ule wa kaburi, na uso unatakiwa kupokea mwanga. Kwa hiyo nikawageuza wote, wazee kwa mapadre, jeneza nalo likabebwa na kugeuzwa, huku kina mama wakinong'ona kwamba marehemu anazungushwa kama meza. Dani nikampa kiti, kichwani pa mwanawe.

Kisha nikatangaza, kwa sauti ya mtu mwenye diploma, "Nikishika kamera mtu asiniongeleshe. Hata awe nani."

Nikatazama kidirishani. Ndani ya mistari alikuwemo Dani na nusu ya jeneza. Nikarudi hatua chache, akaingia baba yangu. Nikarudi tena, wakaingia shangazi wawili. Baba mdogo alikuwa bado nje ya mistari, namwona kabisa, amesimama anangoja kama nilivyokuwa nikiwaambia wateja. Nikarudi tena.

"Omera," nikasikia sauti ya binamu yangu Owino, mtoto wa marehemu, "ndugu yangu, hapo nyuma..."

"Nimesema nini, Owino?"

Mwenye msiba akanyamaza kwa sababu yangu.

Nikarudi hatua nyingine, na baba mdogo akaingia. Wote sasa walikuwa ndani ya mistari, Dani na watano wake, mmoja amelala na wanne wamesimama, mwanga umewakaa vizuri kuliko picha yoyote niliyopiga Ulaya. Nikabonyeza. Ningeishia hapo hadithi ingekuwa nyingine. Lakini nilifundishwa kwamba watu wasibanwe na ukingo wa picha, waachiwe nafasi ya kupumua, na nikaona nipige ya pili yenye nafasi. Nje ya mistari niliona watu wanaweka mikono midomoni, mmoja baada ya mwingine. Nikadhani wameguswa na kazi yangu.

Nikarudi nyuma, na mguu haukukuta kitu.

Kaburi la mtu mzima ni refu kuliko linavyoonekana ukiwa juu. Niliangukia mgongo na suti yangu ya Hamburg, na juu nikaona kipande cha mbingu chenye pembe nne, safi kama fremu. Kisha zikaja kelele. Kina mama walipiga nduru na baadhi wakakimbia mpaka langoni. Vichwa vikaanza kuchungulia pembeni, navyo vilikuwa vingi.

"Yuko hai?"

"Anapepesa macho."

Nikanyoosha mkono nivutwe. Hakuna aliyeushika. Mzee Obura, mkubwa wa ukoo, aliinamia ukingoni akanitazama kama ng'ombe aliyeingia shambani.

"Asitolewe kwanza," akasema. "Shimo hili lina mwenyewe, na limepokea mwingine. Tulizungumze."

"Mzee," padre akasema, "ni ajali tu. Tumtoe tuendelee na ibada."

"Padre, wewe utalala Asumbi leo. Sisi tutalala hapa."

Basi wakazungumza, juu ya kichwa changu, mimi nikiwa nimesimama na udongo masikioni. Wengine walisema nitokee upande wa kichwa, wengine wa miguu. Mmoja akasema lazima niache humo kitu nilichoingia nacho, ili shimo lisinidai tena. (Desturi hiyo sijawahi kuisikia kabla wala baada, lakini ukiwa chini ya kaburi huna sauti katika mkutano.) Nikawapa tai, wakaikataa. Nikavua koti. Ndipo nikasikia Dani anauliza, "Alipoanguka alikuwa ameshika nini?"

"Ile kamera yake."

"Basi lile jicho lake la mbele libaki. Aliliamini kuliko watu."

Nikaitazama kamera. Kifuniko chake cha chini kilikuwa kimefyatuka na filamu imefumuka nje, juani. Lenzi haikuwa hata na mkwaruzo. Nilifungua lenzi ile fupi, ile iliyokaa mfukoni bila uvimbe, nikailaza chini pembeni, na mikono ikaja ikanivuta, upande wa miguu. Hakuna aliyenipangusa. Baba yangu alitazama pembeni muda wote. Baada ya ibada wakamshusha baba mkubwa juu ya mahali nilipokuwa nimesimama, na mimi nikarusha udongo wangu kama wengine, nao watu wakanipisha kwa mbali kana kwamba nanuka.

Nilirudi Migori nikajifungia katika chumba cha giza, nikiomba angalau mzingo wa ndani wa filamu uwe umepona. Ulipona. Mzingo wa nje, wenye Dani na watoto wake, uliungua wote, mweusi mwanzo hadi mwisho. Ule wa ndani ulikuwa na picha niliyopiga studioni kujaribu lenzi kabla ya safari. Ilikuwa diploma yangu ukutani. Ilitoka vizuri sana, hata muhuri unasomeka.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Kila nilipokwenda kumwona Dani aliniuliza, "Haijaoshwa bado?"

"Bado, Dani."

"Huko Migori hamna maji?"

Nikacheka. Niliendelea kucheka hivyo mpaka macho yake yakapofuka kabisa na hakuna picha ambayo ingemfaa tena. Siku moja akaniambia, "Basi nieleze. Tulisimamaje?" Nikamweleza yote: baba yangu mkono wake uko wapi, shangazi yupi amefunga kitambaa gani, baba mdogo alivyoingia mwisho, uso wa baba mkubwa ulivyokuwa mtulivu, si kama kwenye kitambulisho. Sikusahau hata kidole, kwa maana nilikiona kile kidirisha na ninakiona hadi leo. Dani alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo yake.

"Kumbe wewe unayo," akasema. "Mimi ndiye sina."

Hakuuliza tena.

Siku hizi natumia lenzi ya hamsini na sitaki kusikia habari ya nyingine yoyote, iwe fupi, iwe nyepesi, iwe ya bure. Nikitaka uso wa mtu naenda mpaka alipo, namwomba ruhusa, nampumulia. Na kabla sijainua kamera nageuka kwanza, natazama nyuma yangu kwa makini, hata nikiwa studioni ambako nyuma yangu kuna ukuta. Wateja wanacheka, wanasema Lazaro anatafuta shimo lake. Nawaacha wacheke. Mtu akisema nyuma, mimi nasimama.